Sauti Iliyosema Siogopi

Ambakisye Mwaisumo alikuwa hajasema neno kwa kinywa chake kwa mwaka mmoja na miezi miwili, lakini asubuhi ile alihutubia madereva mia nane kwa dakika arobaini bila kukwama hata mara moja.

Aliketi katikati ya jukwaa la ukumbi wa reli, jijini Mbeya, ndani ya kiti cha magurudumu sita kilichomshika kichwa, mgongo na viwiko. Mwili wake haukujongea. Shingoni alivaa ukosi mwembamba wa rangi ya maziwa. Kutoka kwenye ukosi huo nyuzi kumi na mbili, nyembamba kuliko unywele, zilipita chini ya ngozi nyuma ya sikio hadi kwenye ubongo. Nyuzi zilisoma amri ambazo ubongo ulizituma kwa ulimi na midomo, amri zisizofika tena, na ukosi ukazigeuza kuwa sauti. Wala haikuwa sauti ya mashine. Ilikuwa yake mwenyewe, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ileile iliyotangaza vituo kwenye treni ya sumaku ya Mbeya hadi Dodoma kwa miaka kumi na tisa.

Chombo hicho kiliitwa kinenea, kwa kuwa kilimnenea asiyeweza kunena. Aliyekibuni ni mdogo wake wa tumbo moja, mhandisi Atuganile, ambaye alisimama pembeni mwa jukwaa akiwa ameshika kioo cha vipimo.

“Mimi ni dereva mwenzenu,” sauti ilisema. “Ugonjwa wangu ulianza kwa kijiko. Nilikishika, kikaniponyoka. Nikacheka. Mwezi uliofuata ikawa ufunguo. Halafu ulimi ukawa mzito, na msimamizi wangu akaandika kwamba nimekuja kazini nimelewa. Mimi, ambaye hata togwa iliyolala ikachacha naiogopa!”

Ukumbi ukacheka.

“Nyumbani wakasema nimerogwa. Jirani yetu, mzee wa watu, akanyimwa salamu mwaka mzima kwa ajili yangu. Tukazunguka kwenye maombi na kwa waganga miezi kumi na mmoja. Nilipofika hospitali daktari akaniambia, ungekuja ndani ya miezi sita ya mwanzo, dawa ingeushika ugonjwa hapohapo ulipo. Sasa nafasi imepita. Ndugu zangu, huu ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ile inayoendesha misuli. Mshipa mmoja baada ya mwingine unakufa, na msuli unaoutegemea unanyauka. Akili haiguswi. Mkiona nyama inachezacheza chini ya ngozi bila sababu, mkiona vitu vinawaponyoka, mkiona ulimi unaburuta, msingoje. Njooni mpimwe.”

Sauti ikatulia kidogo, kama afanyavyo msemaji hodari.

“Watu huniuliza kama naogopa. Siogopi. Nimekwisha kubali. Nina amani.”

Madereva wakasimama wakapiga makofi. Machozi yalikuwa yakimtiririka Ambakisye mashavuni, na roboti wa huduma aliyesimama nyuma ya kiti akayapangusa kwa kitambaa laini. Hakuna aliyeshangaa. Ugonjwa huu humliza mtu bila huzuni na kumchekesha bila furaha. Madaktari walikuwa wameshaieleza familia hivyo.

Atuganile alipopanda jukwaani kulegeza ukosi, sauti ikamwambia kwa upole, “Una mikono ya dhahabu, mdogo wangu.”

“Asante, kaka,” akajibu, huku akitabasamu.

Daktari Hidaya Mnzava, mkuu wa Taasisi ya Sauti Hai, aliwasubiri mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, ambaye mume wake alikufa kwa ugonjwa huohuo miaka ambayo dawa haikuwepo.

“Watu mia tisa wamekuja kupimwa mapema tangu aanze hotuba hizi,” alisema. “Mia tisa, Mhandisi! Wiki ijayo, Siku ya Neva, serikali itatangaza vinenea elfu sita kwa wagonjwa wa nchi nzima. Kila mmoja atapewa kama hiki, pamoja na kikisio chake.”

Kikisio kilikuwa sehemu ya kinenea ambayo Atuganile aliionea fahari kuliko zote. Ishara za ubongo zinapodhoofika, neno moja huweza kuchukua dakika nzima, na anayesikiliza hukata tamaa. Kwa hiyo alitengeneza kitu kilichosikiliza simu, salamu na matangazo yote ya kaka yake ya miaka ishirini, kikajifunza anavyosema. Ambakisye akianza “Naomba ma”, kikisio kinamalizia “maji”. Mwanzoni alikiwekea mpaka, kisiseme zaidi ya maneno thelathini katika kila mia. Kaka alipozidi kudhoofika akapandisha hadi hamsini, asihangaike. Halafu sabini. Mwezi Machi, siku moja kabla ya hotuba ya Iringa, aliuondoa mpaka wote, akajiambia kwamba atauangalia tena baadaye.

Walifika nyumbani Uyole saa nane mchana. Roboti alimwingiza Ambakisye chumbani. Atuganile alikuwa ndiyo kwanza anavua koti aliposikia wifi yake akimwita kutoka uani.

“Wifi, njoo. Funga mlango.”

Subilaga, mke wa Ambakisye, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita. Alizoea kusema polepole na kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa. Siku hiyo alinong’ona.

“Yule anayeongea siyo mume wangu.”

Atuganile alimtazama. Alikuwa amewahi kusikia maneno kama hayo kwa wake waliochoka kuuguza. “Wifi, umelala saa ngapi jana?”

“Usinifanye mgonjwa. Nisikilize. Juzi nilimwuliza kitu. Mtoto wetu wa kwanza aliishi siku tatu. Hatukumwandikisha popote, hatukumtangazia mtu, hata ninyi hatukuwaambia jina lake. Tulilijua sisi wawili. Nikamwuliza, baba, tulimwitaje yule mtoto?”

“Akasemaje?”

“Akasema, ‘Mke wangu, jina hilo limo moyoni mwangu daima.’” Subilaga alikunja uso kana kwamba ameonja kitu kilichooza. “Maneno matamu. Miaka ishirini na nane ya ndoa, Ambakisye hajawahi kuniambia maneno ya namna hiyo. Mume wangu angelitaja jina au angenyamaza.”

“Labda ni uchovu. Labda alisahau.”

“Mtoto wake?”

Atuganile aliketi kwenye kizingiti.

“Na kuna macho,” Subilaga aliendelea. “Hunitazama, halafu hutazama dari, hunitazama tena. Kila akifanya hivyo sauti husema, ‘Macho yananiwasha, nisafisheni.’ Roboti anakuja na dawa ya matone. Sasa nimeanza kuogopa kuingia chumbani kwangu mwenyewe.”

Atuganile alikwenda kwenye chumba cha kazi, akafungua kumbukumbu za kinenea. Zilikuwa safu mbili. Ya bluu ilionyesha maneno yaliyotoka kwa mgonjwa, na ya kijivu yale ya kikisio. Alikuwa hajazifungua tangu mwezi wa tatu. Alikuwa na hotuba za kuandaa, safari, mikutano na wageni. Na alikuwa, alikiri moyoni, hapendi kuziangalia.

Aliburuta kidole kwenye kioo. Machi, bluu kidogo na kijivu kingi. Mwanzoni mwa Aprili, bluu kama matone. Tarehe tisa Aprili kulikuwa na neno moja la bluu: “Subiri.”

Baada ya hapo hapakuwa na bluu tena.

Alihesabu siku kwa vidole, kama mtoto, kwa sababu hakuamini hesabu ya mashine. Zilikuwa arobaini na moja. Hotuba kumi na mbili. Salamu za Pasaka kwa ukoo mzima. Mahojiano ambayo taifa zima liliyasikiliza. Ile “siogopi” ya asubuhi. Hata neno moja halikuwa la kaka yake.

Chini ya safu zile palikuwa na jalala, mahali ambapo kinenea kilitupa ishara kilizodhani ni kelele za ubongo. Atuganile alilifungua. Alitarajia mchanganyiko wa upuuzi. Akakuta ishara moja, fupi, hafifu, ileile. Ilitumwa asubuhi na mchana. Ilitumwa mara elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Kumbukumbu zilionyesha kwamba mara chache ilipopata nguvu kidogo, kikisio kilidaka mwanzo wake na kuumalizia chenyewe. Kila mara kilimalizia hivi: “Una mikono ya dhahabu, mdogo wangu.”

Kumbe aliyekuwa ndani ya mwili ule hakuwa amelala wala hakuwa ametulia. Alikuwa akigonga ukuta siku arobaini na moja, na upande wa pili watu walikuwa wakipiga makofi.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha kaka yake muda mrefu kabla ya kuingia. Aliogopa macho yale. Aliingia, akabonyeza sehemu ya nyuma ya ukosi, akazima kikisio.

Chumba kikawa kimya. Alikuwa amesahau kwamba nyumba hii inaweza kuwa kimya namna hii. Ilisikika mashine ya kupumulia tu, ikivuta na kushusha.

“Mgonjwa hasemi,” roboti alisema. “Nimsafishe macho?”

“Hapana. Toka nje.”

Atuganile alipiga magoti mbele ya kiti, uso wake ukawa sawa na uso wa kaka yake. “Kaka, ni mimi. Kama unanisikia, tazama juu.”

Macho yakapanda juu, yakabaki huko, hayakushuka mpaka aliposema, “Nimeona.”

“Kama ni hapana, tazama chini. Maneno ya leo ukumbini, yalikuwa yako?”

Chini.

“Hata moja?”

Chini.

“Umekuwa ukitusikia siku zote hizi?”

Juu.

Atuganile alikuwa bado amepiga magoti. Nyuma yake Subilaga aliingia, na alipomwona mumewe akitazama juu, akaweka mkono mdomoni. Halafu akatoka. Alirudi na karatasi kubwa ngumu aliyoiandika kwa kalamu nene, kama aliyokuwa akiitundika ukutani mwa darasa lake: a e i o u, ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mstari kwa mstari hadi mwisho, na pembeni herufi zinazosimama peke yake.

“Baba,” alisema, na sasa sauti yake ilifika nyuma ya darasa. “Nitapitisha kidole kwenye mistari. Nikifika kwenye mstari wako, tazama juu. Halafu nitapita silabi moja moja. Hatuna haraka. Umenielewa?”

Juu.

Walianza. Kidole kilishuka, kikasimama, kikaenda kulia. Silabi ya kwanza ilichukua dakika nzima.

“M,” Subilaga alisoma. “Ko. No. Mkono?”

Juu.

“Mkono unauma?” Atuganile aliuinua mkono wa kaka yake uliobaki mifupa na ngozi, akaugeuza, akatafuta kidonda. “Huu? Wa kushoto?”

Chini. Chini. Macho yalishuka kwa nguvu mpaka kope zikatetemeka.

“Mwache aendelee, wifi,” Subilaga alisema, akapitisha kidole tena. “Wa. Ko. Mkono wako. Mkono wangu mimi, baba?”

Chini.

Wakatazamana. Kisha wote watatu wakatazama sehemu moja, mkono wa kulia wa Atuganile uliokuwa umelala juu ya goti lake.

Nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ilikuwa ikicheza. Ilikuwa kama mdudu mdogo aliyenaswa chini ya ngozi, anaruka, anatulia, anaruka. Atuganile aliukaza mkono. Ikaendelea. Aliufumba ngumi. Ikaendelea.

Alikuwa ameiona. Huo ndio ukweli aliokuwa hajamwambia mtu. Tangu Januari bisibisi ndogo zilimponyoka, akasema ni baridi ya Mbeya. Vifungo vya koti vilimshinda, akanunua koti lisilo na vifungo. Yeye, aliyeandaa hotuba zilizowaambia watu wasingoje, alikuwa akingoja. Katika familia nyingi ugonjwa huu haurithiwi, lakini katika chache hurithiwa, na hakuwahi kumwomba daktari aangalie kama yao ni mojawapo. Aliogopa jibu, basi akaogopa na swali.

Ambakisye hakuwa na kitu kilichobaki katika dunia hii isipokuwa macho. Kila siku mdogo wake alipomwinamia kurekebisha ukosi, mkono ule ulikuwa mbele ya macho hayo, karibu, ukicheza. Alikuwa ameona kilichoanza. Alikijua kwa jina. Alipiga kelele kwa njia pekee aliyokuwa nayo, mara elfu mbili mia tatu na kumi na sita, na kila alipopiga kelele mashine ya Atuganile ilimsifu Atuganile.

“Nimeona, kaka,” alisema. “Nimeona. Nitakwenda kesho.”

Kidole cha Subilaga kilikuwa bado kwenye karatasi. Macho yalimwita. Alisoma polepole, “Le. O.”

Alikwenda leo.

Daktari Hidaya alimpima mwenyewe. Alichoma sindano nyembamba kwenye msuli wa mkono, wa paja, wa ulimi, na kioo kikatoa mlio mkavu kila neva ilipojaribu kuongea na msuli ikashindwa. Akachukua damu. Majibu ya damu yalichukua siku mbili.

Siku hizo mbili Atuganile hakuweza kula kwa uma wala kijiko, maana kila alichoshika alikipima. Alikunywa maji kwa kishindo makusudi, asikie kama koo linameza. Alisoma gazeti kwa sauti akisikiliza kama ulimi unaburuta. Alimtazama kaka yake kwenye kiti na kwa mara ya kwanza hakumwona kama mgonjwa anayemhudumia. Alijiona mwenyewe, ameketi pale, ukosi shingoni, na sauti yake ikiwaambia watu kwamba ana amani.

Siku ya tatu daktari alimwita ofisini, akafunga mlango, akaketi upande uleule aliokaa mgonjwa, si nyuma ya meza.

“Ni huo,” alisema. “Mmeurithi. Uko mwezi wa tano. Ungekuja Julai ningekuambia nililomwambia kaka yako. Sasa hivi dawa inaweza kuushika. Mkono huo hautarudi kama zamani, na sindano utachoma maisha yako yote. Lakini utatembea. Utaongea.”

Atuganile alilia, na hakujua analia kwa lipi kati ya hayo. Alipomaliza akamweleza daktari kuhusu safu ya bluu na jalala.

Daktari Hidaya alisikiliza mpaka mwisho. Aliinuka, akaenda dirishani.

“Nani mwingine anajua?”

“Sisi watatu. Na wewe.”

“Kesho ni Siku ya Neva. Ukisimama kesho ukasema sauti ile ilikuwa ya bandia, watasema kila kitu ni cha bandia. Watasema hata ugonjwa tumeutunga. Watarudi kwa waganga.” Aligeuka. “Mume wangu alikufa akidhaniwa mlevi, Atuganile. Ile sauti imeleta watu mia tisa. Hata kama maneno si yake, yameokoa watu.”

“Hayakuniokoa mimi. Yaliniambia nina mikono ya dhahabu.”

“Tutaweka mpaka kwenye hivyo elfu sita. Kimyakimya.”

“Niliweka mpaka, Daktari. Nikaupandisha mwenyewe, kwa huruma, kidogo kidogo. Kila mke na kila mwana ataupandisha. Nani anapenda kukaa dakika nzima akingoja neno moja?” Alimeza mate, akasikiliza anavyomeza. “Watu elfu sita, wamefungiwa ndani, na sauti zao zinawashukuru waliowafungia. Mimi naweza kuwa mmoja wao. Sitaki kinisemee chombo hicho. Nakiogopa kuliko ugonjwa.”

Atuganile aliondoka bila kujua atafanya nini.

Ukumbi wa Siku ya Neva ulijaa mpaka kwenye ngazi. Kamera ndogo zilielea hewani kama nzi wakubwa. Wakuu wa serikali walikuwa safu ya mbele, na nyuma yao walimu, wauguzi, mafundi, madereva wa treni katika sare zao za kijani. Atuganile alimsukuma kaka yake kwa mikono, maana roboti alikuwa amemwacha nyumbani. Kwenye mlango wa jukwaa alimkuta Daktari Hidaya amesimama njiani.

Alidhani anakuja kumzuia. Daktari aliinama mbele ya kiti, akamtazama Ambakisye machoni, jambo ambalo pengine hakuwa amelifanya kwa miezi mingi.

“Bwana Mwaisumo, unataka kupanda hapo?”

Macho yakaenda juu.

Daktari alijiinua. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu jana. “Nimewaambia wizara wasitangaze chochote leo,” alisema. “Nendeni.”

Atuganile alisimama mbele ya umati na akasema ukweli kwa maneno machache. Alisema kwamba sauti waliyoipenda ilikuwa ya mashine tangu Aprili. Alisema aliyeruhusu hilo ni yeye. Alisema kaka yake yumo, anawasikia, na leo atasema mwenyewe, na itachukua muda.

Mnong’ono ulipita ukumbini. Mtu mmoja alipaza sauti, “Mmetudanganya!” Mwingine akainuka akatoka, na wengine wakamfuata. Subilaga hakuwatazama. Alisimama mbele ya mumewe na karatasi yake ya silabi, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaanza kushuka.

Dakika ya kwanza watu walikohoa. Dakika ya pili hata waliokohoa waliacha. Kamera moja ilishuka karibu na uso wa Ambakisye na kuuonyesha kwenye kioo kikubwa nyuma, macho peke yake, mekundu, yakipanda, yakishuka. Atuganile alikuwa ameshika mgongo wa kiti na mkono wake ukicheza, na kila aliyeketi mbele aliuona.

“Na,” Subilaga alisoma. “O. Go. Pa.”

Hakurudia. Neno lilikaa hewani, na Atuganile alihisi umati unaliogopa, kwa kuwa halikusindikizwa na kicheko wala na amani. Kwenye kioo macho yalikuwa wazi kabisa. Mtu yeyote aliyeyatazama aliona kilicho nyuma yake, mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, mwenye akili zake timamu, anayejua kila kinachokuja na hawezi hata kuinua kidole kukizuia.

Kidole cha Subilaga kiliendelea. Ilichukua dakika nyingine sita.

“Njo. O. Ni.”

Hakuna aliyepiga makofi. Waziri alitazama viatu vyake. Atuganile alifikiri, nimewapoteza, daktari alisema kweli, watarudi walikotoka.

Ndipo mwanamume mmoja akasimama safu ya saba. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, mwenye sare ya kijani na kofia ya udereva kwapani. Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yake, kiganja chini, kama mtoto anayeonyesha kucha shuleni.

“Samahani,” alisema. “Mimi nilikuwepo kwenye ile hotuba ya wiki iliyopita. Nilipiga makofi nikaenda zangu. Nilijisemea, mwenye ugonjwa haogopi, mimi naogopa, basi wangu huu si ugonjwa wenyewe.” Alijaribu kuushika mkono wake utulie, akashindwa. “Unacheza hivi tangu mwezi wa pili. Mke wangu hajui. Mnaweza kuniangalia?”

Daktari Hidaya alikuwa ameshashuka ngazi. Alipita kati ya viti bila kuomba njia, akaufikia mkono ule, akaushika kwa mikono yake miwili. Safu tatu nyuma mwanamke akainuka, akaketi, akainuka tena. Minong’ono ikarudi, watu wakageukiana, wengine wakaanza kutazama viganja vyao, na kelele zikajaa ukumbini.

Subilaga hakushusha karatasi. Macho ya mumewe yalikuwa yamepanda tena, yamekaa juu, yanangoja.

“Nyamazeni,” aliwaambia, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. “Hajamaliza kusema.”